Kahawa ya Serikali

Jumapili, 9 Oktoba

Leo nimepewa cheo ambacho sikukiomba. Meya ameniita, akaniambia kuanzia sasa mimi ndiye nitakayeiwakilisha halmashauri kwenye Kamati ya Usalama wa Mji, nikae pamoja na polisi, kituo cha afya, walimu wakuu na wazee wa koo. Nikamwuliza kazi yenyewe ni nini. "Kushirikiana." Kushirikiana kufanya nini? "Bi Maysun, usianze." Nimerudi nyumbani nikamweleza Mama, naye akauliza kama mshahara umepanda. Haujapanda. "Basi wamekuokota," akasema, akaendelea kuchambua dengu.

Jumatano, 12 Oktoba

Mvua bado. Huku milimani Ajloun hakuna anayegusa zeituni kabla mvua ya kwanza haijaziosha vumbi, kwa hiyo mji mzima umekaa unatazama mawingu. Kaka yangu Nayif ameshashona magunia na kukarabati ngazi, na sasa anatafuta ugomvi na mkewe Inaam kwa kukosa la kufanya.

Alhamisi, 13 Oktoba

Kikao cha kwanza. Kapteni Thamir, mkuu mpya wa kituo cha polisi, ni kijana wa kusini, mpole, viatu vinang'aa, na anaamini mambo yanaweza kunyooshwa. Amekuja na ramani. Anasema kila msimu watu hupigana kwenye mashine ya kukamua mafuta, na hupigana usiku. Basi mashine ifungwe magharibi, na usiku utakuwa salama.

Sheikh Mutlaq, anayewasemea wazee, alimtazama kama anamtazama mtoto anayekula sabuni. "Mwanangu, mashine ile inakesha tangu baba yangu yu hai. Ukiifunga magharibi, foleni ya usiku utaiweka wapi?"

"Itajipanga asubuhi, Sheikh."

Tukapiga kura. Nilinyoosha mkono kwa sababu daktari wa kituo cha afya alinyoosha. Tulipotoka akaniambia yeye alinyoosha kwa sababu mimi nilinyoosha.

Jumatatu, 17 Oktoba

Mvua! Mama alitoka uani bila viatu, akasimama tu pale analowa. Hakuna aliyethubutu kumwita ndani.

Alhamisi, 20 Oktoba

Tumeanza kuchuma. Turubai chini, wanaume juu ya ngazi na fimbo zao za kupukutishia, sisi wengine kwa mikono. Qusai, mtoto wa kwanza wa Nayif, ana miaka kumi na tisa na mdomo usiolala. "Shangazi, si wewe polisi siku hizi? Nikamate basi, nikapumzike." Nikamrushia zeituni za uso. Inaam akanikemea kutoka upande wa pili wa mti: "Wifi, niachie mwanangu! Katika nyumba ile ni yeye peke yake anayenisikiliza." Tulikula mkate wa tanuri na zaatari, yale majani makavu yaliyosagwa na ufuta, na nyanya palepale chini ya miti, mikono michafu, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha hivi.

Jumanne, 25 Oktoba

Foleni ya mashine imefika hadi shule ya wasichana. Mwalimu mkuu amelalamika kwa kamati. Kamati ni sisi, na yeye mwenyewe yumo.

Alhamisi, 27 Oktoba

Qusai amempiga Muayad. Muayad hajafumbua macho.

Nimeandika hivyo kwanza kwa sababu mengine yote kila mtu anayasimulia kwa namna yake. Kwa kuwa mashine hufungwa magharibi, watu ambao hawajahudumiwa huyaacha magunia yao kwenye foleni kushika zamu. Asubuhi hii ama Muayad aliyasogeza ya kwetu, ama Qusai aliyasogeza ya kwao. Wakatukanana, wakasukumana. Qusai alikuwa na fimbo ya zeituni mkononi. Muayad aliangukia ukingo wa saruji kwa kichwa. Hawa ni watoto waliokaa dawati moja. Muayad ni mtoto wa Haji Dhaifullah, mtaa wa chini yetu, na wiki iliyopita alikula kwetu.

Wamemkimbiza hospitali Irbid. Qusai alitembea mwenyewe mpaka kituo cha polisi, akaketi kwenye benchi, akamwambia wa kwanza aliyemwona kwamba amempiga Muayad na kwamba hakujua ataanguka vile.

Nilipofika nyumbani Nayif alikuwa anazunguka uani, Inaam anapiga kelele. Mama peke yake alikuwa ametulia. Alikuwa amelitoa sanduku la nguo. "Fungasheni," alisema. "Mnasubiri kuambiwa?"

Ijumaa, 28 Oktoba

Walikuja asubuhi, magari mawili ya polisi na lori la halmashauri. Lori la ofisi yangu! Dereva, ambaye kila siku ananiomba sukari, hakuniangalia.

Desturi yetu inajulikana. Damu ikimwagika, kwa siku tatu na theluthi damu ya waliotendewa inahesabiwa kuwa ya moto, na jamaa wa mtenda hujiondoa wasionekane. Hiyo theluthi sijui nani aliipima. Baada ya hapo wazee huenda kuomba atwa, yaani kusimamisha shari kwa muda, na ndipo hujulikana nani arudi na nani akae mbali. Haya nimeyaona yakiwapata wengine. Nilikuwa nikiwapelekea mikate na kurudi nyumbani kwangu kulala.

"Si amri, Bi Maysun," Kapteni Thamir akasema, kofia mkononi. "Ni ushauri, kwa usalama wenu."

"Na tukikataa?"

"Basi itakuwa amri."

Nikamwuliza sheria ya siku hizi inasemaje. Akasema anayehama ni mtenda na baba yake. Basi mbona mama yangu yuko mlangoni na sanduku? Akasema hayo ni ya wazee. Sheikh Mutlaq alikuwa pale pale, nikamgeukia. Akasema wazee wameshauri tu, mwenye kauli ni mkuu wa wilaya. Nikampigia mkuu wa wilaya. Akasema yeye hufuata tathmini ya polisi. Nikamrudia Kapteni na simu bado sikioni. "Afande, nieleze polepole kama mjinga. Nani ameamua?"

Masikio yalimwiva. "Kamati," alisema.

"Kamati gani?"

"Yetu."

Kwamba ilikutana jana jioni, mimi sikuitwa kwa kuwa ningehusika. Vizuri. Mama akafunga mlango, akampa Kapteni ufunguo mkononi kama anampa mtoto senti ya pipi. Turubai tumeliacha chini ya miti, limejaa.

Jumatatu, 31 Oktoba

Irbid, ghorofa ya tatu, nyumba ya binamu. Sote chumba kimoja. Mama anasema hajawahi kulala mbali na ardhi namna hii na kwamba miguu inamning'inia hata akiwa amelala.

Alhamisi, 3 Novemba

Leo nimeitwa kwenye kikao cha kamati. Nikapanda basi. Kwenye kizuizi cha kuingia mjini askari akatazama kitambulisho changu, akatazama karatasi yake, akasema siruhusiwi.

"Kwa amri ya nani?"

"Kamati ya Usalama, dada."

"Ndiko ninakokwenda!"

"Basi wao ndio wamekukataza." Alikuwa na huruma kweli, hata akanipa kiti. Akapiga simu. Akaambiwa niruhusiwe kwa ajili ya kikao tu, nisipite mtaani kwetu. Nikafika kikao kimekwisha.

Jumapili, 6 Novemba

Mungu nisamehe kwa leo.

Kapteni alikuwa amemwalika Haji Dhaifullah aje "kusikilizwa na vyombo vyote kwa pamoja". Hakuniambia. Niliingia ukumbini nikamkuta ameketi karibu na dirisha, ndevu zimemwota ovyo, macho mekundu kwa kukesha hospitali. Nikageuka nitoke. Meya akanizuia mlangoni, ananong'ona: "Mhudumu ameenda kuchuma zeituni zake. Tusaidie kahawa, Bi Maysun, wageni wamekaa kavukavu." Wajumbe wote wale, na mkono wa kahawa ukawa wangu. Sababu tunaijua: mimi ni mwanamke.

Nikaenda jikoni nimefura. Buni ya ofisi ilikuwepo, iliki imekwisha, nikachukua yangu ya kwenye droo. Nikapita na dele la kahawa mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa tangu mdogo. Mikono ilikwenda yenyewe, mimi nilikuwa nawaza hasira zangu. Haji alikuwa anaangalia sakafu. Akapokea, akanywa, akaitikisa finjani kuonyesha imetosha. Ndipo akainua macho akaniona.

Kwetu aliyeumizwa hanywi kahawa ya upande wa pili. Akiinywa, amesamehe. Hilo halihitaji kusomewa, mimi nalijua na Haji analijua. Wote wawili tulikuwa tumechoka tu.

Sheikh Mutlaq akasimama. "Allahu akbar. Amekunywa."

"Nimekunywa kahawa ya serikali!" Haji akapaza sauti.

"Mkononi mwa nani?"

"Mwa halmashauri!"

"Halmashauri haina mpwa aliyelala mahabusu, Haji. Huyu ni shangazi wa kijana."

Kapteni akawa anatugeukia mmoja mmoja, kalamu juu. "Tuelewane. Hiyo kahawa ilikuwa ya nani?" Meya akasema buni ilinunuliwa na ofisi. Daktari, sijui nani alimtuma, akasema yeye ameonja iliki, na iliki ya ofisi iliisha tangu wiki ile. Wote wakanigeukia. Nikasema iliki ni yangu.

Wakabishana mpaka adhuhuri kama iliki inatosha kumsamehesha mtu. Haji hakubishana. Alikuwa ameishika ile finjani tupu, hajui aiweke wapi.

Jumatatu, 7 Novemba

Upande wetu wanapigiana simu za hongera. Nayif ameanza kukunja magodoro. "Umetuokoa, dada!" Mimi sijui kama nimeokoa nyumba au nimemwibia mtu.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimeharibu. Wapwa zake Haji wanamwita Baba Finjani, mbele ya uso wake, sokoni. Kwamba mwanawe hajaamka na yeye ameshaonja iliki ya waliomlaza. Sasa ili apate pa kuuweka uso wake ameleta sharti: ukoo wote wa babu yetu uhame, mpaka wanawake na wazee, kwa mwaka mzima. Mama akiwa ndani yake. Mwaka mzima, na Mama ana umri ule.

Wiki iliyopita nilimchukia Haji kwa nguvu zangu zote. Leo nimemwona kwa mbali anavuka barabara, watu wanampisha bila salamu, nikakosa cha kumchukia.

"Alikuwa karibu kukubali suluhu," Kapteni aliniambia. "Kabla ya kahawa."

"Sasa kwa nini ulimleta nikiwepo?"

Akafikiri. "Nilidhani tukikaa chumba kimoja tutakuwa upande mmoja." Maskini, alimaanisha.

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua kubwa. Zeituni zetu zinaanguka zenyewe.

Alhamisi, 17 Novemba

Inaam ametoka kumwona Qusai mahabusu. Anasema mwanawe amekuwa msikivu, anajibu anachoulizwa tu. Alisema hivyo akaingia msalani akafungulia bomba, akalia humo kwa muda mrefu.

Jumatatu, 21 Novemba

Muayad amefumbua macho! Nayif amesujudu katikati ya duka la simu.

Alhamisi, 24 Novemba

Macho ameyafumbua, mguu na mkono wa kushoto bado. Hawezi kushika kijiko. Sharti la Haji liko palepale. Polisi wanawasubiri wazee, wazee wanasubiri wilaya. Nikiuliza naambiwa jambo liko mezani. Mezani pa nani?

Jumanne, 29 Novemba

Nimempeleka Mama hospitali kupimwa presha. Atwa ya muda inasema watu wa pande mbili wasikutane. Haisemi ufanye nini ukitoka msalani ukamkuta mwenzako kwenye korido. Alikuwa Ibtihal, mama yake Muayad. Tulisoma pamoja, na hesabu zote za darasa la sita alinakili kwangu.

Nikainamisha kichwa nipite. "Maysun, kaa."

"Ibtihal, tumekatazwa."

"Na nani? Polisi, wazee, au ile kamati yenu? Kaa, miguu inaniuma kukutazama umesimama."

Nikakaa. Alikuwa na soksi ya mwanawe mkononi, moja. "Jana amesema 'maji'," akasema. "Miaka yote namwambia huyu mtoto anyamaze kidogo, nipumzike. Jana amesema neno moja, nimekimbia korido nzima kumtafuta nesi." Akacheka, kisha cheko likamgeuka. Nikamshika mkono. Alinikubalia kidogo, halafu akautoa.

Nikamwambia nasikitika kwa ile kahawa. Akasema mumewe halali, kwamba anaamka anasukutua mdomo. Ndipo nikamwuliza, sijui kwa nini sikuwahi kujiuliza hili: "Wewe unataka nini, Ibtihal?"

"Mimi?" Alishangaa kweli. "Polisi walimwuliza mume wangu. Yeye akawauliza wazee. Wazee wakamwuliza mkuu wa wilaya. Mimi niko kwenye kiti hiki tangu siku ile, hajapita mtu." Akaikunja soksi, akaikunjua. "Sijui nataka nini. Ngoja nifikirie."

Jumapili, 4 Desemba

Kapteni ameingia kikaoni anang'aa. Wakubwa wa Amman watakuja kujifunza kwetu, jinsi polisi na wenyeji wanavyoshirikiana. Na habari njema: Muayad anaongea, Haji amelainika, wazee wamemtafutia njia. Tule chakula cha suluhu, ukoo wote urudi, Qusai naye arudi akitoka kwa dhamana, mambo yaishe. Mikono ikapanda. Nilitazama mkono wangu. Haukupanda.

"Bi Maysun?" Meya akashtuka. "Ni watu wako hao!"

"Mama yake Muayad ameulizwa?"

Sheikh Mutlaq akasema Haji ni mumewe, imetosha. Nikasema mgonjwa analishwa na nani, analishwa na Haji? Sheikh akapiga meza. "Mama yako yuko juu ya ghorofa kama njiwa, kaka yako amekonda, mlango umefunguliwa, wewe unaufunga! Una akili wewe?"

Nilitaka kurudi nyumbani kuliko wote mle ukumbini, na mdomo ulisema vingine. Kapteni Thamir alikaa akinitazama, halafu akaiweka kalamu chini. "Tumwulize," alisema. Kwa mara ya kwanza nilimwona si kijana tena.

Jumatano, 7 Desemba

Jibu limekuja kupitia kwa daktari. Ibtihal anasema Mama, Nayif, watoto na wengine wote warudi hata kesho, hana shida nao. Qusai asikanyage mtaa wetu mpaka Muayad aweze kuupita kwa miguu yake mwenyewe. Daktari alimwuliza na kama Muayad hatatembea tena? Akajibu kwamba hajafika huko kufikiri, wasimharakishe.

Haji amekubali papo hapo, na wanasema alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wazee wamekubali. Wilaya imekubali. Qusai atatoka kwa dhamana Jumapili, aende kwa mjomba wake katika mji wa Zarqa.

Inaam alisikiliza mpaka mwisho. "Wazee walikuwa wameshakubali arudi?"

"Walikuwa wamekubali."

"Na nani akasema aulizwe yule mwanamke?"

Ningeweza kusema kamati. "Mimi, wifi."

Hajanisemesha tangu hapo. Hata chumvi anaiomba kupitia kwa watoto.

Jumapili, 11 Desemba

Tumerudi. Au sijui niseme nini.

Gari la polisi mbele, sisi nyuma katika gari la binamu, Kapteni mwenyewe ametusindikiza. Baridi kali, majirani wako madirishani. Mama alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, akaingia, na mara tukaanza kumsikia humo ndani anagombana na jiko la mafuta. Watoto wakashuka na magodoro. Nayif akashuka. Mimi nikashuka.

Inaam alibaki amekaa, mkoba mapajani.

"Shuka, mama watoto," Nayif akamwambia.

"Sishuki."

"Inaam, watu wanatazama."

"Watazame. Mwanangu anatoka leo na hana pa kurudi, mimi nishuke nipike? Nani alaze kichwa humo?" Akamgeukia binamu kwenye usukani. "Nipeleke Zarqa."

Nikasogea dirishani. Nikamwambia Inaam, ni kwa muda tu, kijana wa watu atapona, naye Qusai atarudi. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Ulimwuliza Ibtihal anataka nini," akasema bila hasira yoyote. "Mimi uliniuliza?"

Sikumwuliza. Tulilala chumba kimoja msimu mzima, sikumwuliza.

Kapteni akaja, ameshika karatasi yake ya ripoti kwa ajili ya wale wageni wa Amman, anatazama gari, anatazama mlango. "Bi Maysun, wewe ni mjumbe. Niandike wamerudi, au hawajarudi?"

Nikamwambia sijui. Kisha akaandika kitu. Binamu akawasha gari, likaanza kushuka na Inaam ndani yake. Mama akaita kutoka ndani, "Nayif! Njoo uniwashie jiko!" na Nayif alikuwa amesimama katikati ya barabara na godoro begani, anatazama mlangoni, anatazama gari, hajui akimbilie wapi.